Paa la sola, kishikwambi na mtoto asiyejua kusoma

Mipango mingi ya elimu ya ngazi ya wilaya ninayoisoma kazini ina sura tatu zinazofanana: ubunifu, uendelevu na ufaulu wa wanafunzi. Ya kwanza huandikwa na watu wa teknolojia, ya pili na watu wa majengo, ya tatu na watu wa taaluma. Kila sura ina bajeti yake na kamati yake, na mara nyingi waandishi wa sura moja hawajaisoma nyingine. Kasoro kubwa ya mipango hii naiona hapo. Mtoto ni yuleyule mmoja. Anakaa ndani ya jengo lile, anavuta hewa ile, anafundishwa na mwalimu anayelipwa kutoka mfuko uleule unaolipa bili ya umeme.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Wilaya ya shule, kwa maana inayotumika Marekani, ni mamlaka inayosimamia shule za umma za eneo fulani. Mara nyingi ina bodi iliyochaguliwa na wananchi, huajiri mkuu wake wa elimu, na hupata sehemu kubwa ya mapato yake kutokana na kodi ya majengo na ardhi ya eneo hilo. Nchi nzima ina wilaya za namna hiyo zipatazo 13,000. Brazil sehemu kubwa ya kazi hiyo, hasa kwa shule za msingi, ipo mikononi mwa manispaa. Kwingineko ni idara ya elimu ya halmashauri. Majina yanatofautiana, lakini ngazi ni ileile: iko karibu na darasa kiasi cha kuijua shule moja moja, na ina fedha na madaraka ya kubadilisha jambo. Ndiyo maana naamini kwamba elimu hupona au huugulia hapo.

Nianze na bili ya umeme, kwa kuwa ndiyo inayodharauliwa. Baada ya mishahara, nishati ni miongoni mwa gharama kubwa kabisa za kuendesha shule nchini Marekani. Wilaya ya shule ya Batesville, katika jimbo la Arkansas, ilikuwa ikilipa zaidi ya dola 600,000 kwa mwaka, huku walimu wake wakihamia wilaya jirani zilizolipa vizuri zaidi. Mwaka 2017 ikafanyiwa ukaguzi wa nishati. Wakaguzi walipita jengo kwa jengo wakiangalia taa, madirisha na mitambo ya joto na ubaridi, kisha wakapendekeza uwanja uliokuwa umekaa bure utandazwe paneli za sola zaidi ya 1,400. Bodi ilikubali. Ndani ya miaka michache wilaya iliyokuwa na nakisi ikawa na ziada, na sehemu kubwa ya ziada hiyo ikaenda kwenye mishahara ya walimu.

Kisa hicho hupendwa kwa sababu ya paneli, maana zinapiga picha vizuri. Mimi nakipenda kwa sababu ya uamuzi uliofuata. Fedha iliyookolewa ingeweza kumezwa na matumizi ya ofisi bila mtu yeyote kujua ilikopita, kama inavyotokea mara nyingi. Batesville waliamua iende kwa mwalimu, na wakalisema hilo waziwazi. Uendelevu ukawa sababu ya mwalimu kubaki, na mwalimu anayebaki ni mwalimu anayewafahamu watoto wake.

Uhusiano wa jengo na masomo hauishii kwenye fedha. Mwaka 2020 kundi la wachumi lilichapisha utafiti uliotumia matokeo ya wanafunzi milioni 10 wa Marekani waliofanya mtihani uleule zaidi ya mara moja. Kila mwaka wa masomo ulipokuwa na joto zaidi kwa nyuzi moja ya Fahrenheit, kiasi wanafunzi walichojifunza kilipungua kwa takriban asilimia moja. Shule zilipokuwa na viyoyozi, athari hiyo karibu yote ilitoweka. Walioumia zaidi walikuwa wanafunzi wa familia maskini na wa jamii za wachache, kwa kuwa mara nyingi shule zao ndizo zilizokosa viyoyozi.

Utafiti mwingine, wa jimbo la Georgia, uliangalia mabasi ya shule ya dizeli yaliyofungwa vifaa vya kupunguza moshi. Wilaya zilizorekebisha mabasi zilipata wanafunzi wenye afya bora ya mapafu na alama za juu zaidi katika Kiingereza. Hakuna aliyebadilisha mtaala. Kilichobadilika ni hewa ambayo mtoto aliivuta asubuhi akiwa njiani kwenda shule.

Nikiwa mbele ya wajumbe wa bodi huwa natulia kidogo kwenye tafiti hizi mbili, kwa sababu zinavunja ukuta uliopo kati ya idara ya majengo na idara ya taaluma. Fundi anayeziba paa, anayepanda miti upande wa jua la mchana, anayetengeneza madirisha yafunguke ili hewa ipite, anafanya kazi ya elimu. Na kwa kuwa kiyoyozi hula umeme mwingi, busara ni kuanza na kivuli, na kuta na paa zisizopitisha joto, kisha kiyoyozi kiongezwe pale kisipoepukika. Bahati nzuri shule hutumia umeme mwingi mchana, wakati jua liko juu. Majengo machache ya umma yanaendana na sola kiasi hicho.

Shule ya msingi ya Richardsville, katika jimbo la Kentucky, ilifunguliwa mwaka 2010 ikiwa ya kwanza ya umma Marekani kujengwa kwa shabaha ya kuzalisha kwa mwaka umeme usiopungua ule inaoutumia. Paneli ziliwekwa, lakini wasanifu walikuwa wamekwisha kupunguza matumizi kwanza: kuta nene zinazozuia joto, mitambo inayotumia joto la ardhini, majiko ya kisasa badala ya yale yanayokula umeme mwingi, na kompyuta mpakato badala ya chumba kizima cha kompyuta za mezani. Hata korido zikapewa mada, moja ya jua, nyingine ya maji, nyingine ya joto la ardhi, ili mtoto anapopita asome jinsi jengo lake linavyofanya kazi. Jengo limegeuzwa kuwa kitabu. Sijui njia bora zaidi ya kufundisha sayansi ya nishati.

Oakland, California, nako mwaka 2024 mabasi yote ya wilaya yakawa ya umeme: 74, yenye uwezo wa kurudisha umeme kwenye gridi yakiwa yameegeshwa. Ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo wilaya isiyo na fedha ya mabasi mapya isikate tamaa. Inaweza kuanza na taa na madirisha, na kuwakataza madereva kuacha injini zikiunguruma mbele ya lango watoto wanaposhuka.

Sasa ubunifu. Neno hili limewagharimu watu fedha nyingi. Mwaka 2013 wilaya ya Los Angeles, ya pili kwa ukubwa Marekani, ilianza mpango wa kumpa kila mwanafunzi iPad. Mpango mzima, pamoja na kuimarisha intaneti shuleni, ulikadiriwa kugharimu dola bilioni 1.3. Haukupita muda wanafunzi wakawa wamevuka vizuizi vya mtandao vilivyowekwa, na programu ya masomo iliyonunuliwa pamoja na vifaa ikawa haijakamilika. Mwaka 2014 mkataba ukasitishwa. Peru iligawa kompyuta mpakato nyingi kwa watoto wa vijijini. Tathmini ya mwaka 2012 haikuona tofauti katika hisabati wala lugha kati ya shule zilizopata na zisizopata.

Wanafunzi wa Los Angeles siwalaumu hata kidogo. Walifanya kile ambacho watoto werevu hufanya wakipewa kifaa kabla ya kazi ya kukifanyia. Kosa lilikuwa kununua kabla ya kuuliza swali ambalo kifaa kingelijibu.

Linganisha na programu ya Tusome, iliyoenea katika shule za msingi za umma nchini Kenya kuanzia mwaka 2015. Kila mtoto alipewa kitabu chake cha kusomea, na mwalimu akapewa mwongozo wa kila somo. Vishikwambi vilikuwepo, lakini vilishikwa na maafisa wanaowatembelea walimu madarasani. Afisa alikaa nyuma ya darasa, akafuatilia somo, akawasikiliza watoto wachache wakisoma, akaandika alichokiona, kisha akazungumza na mwalimu palepale. Taarifa zake zilipanda ngazi hadi juu, na ikaonekana ni maafisa gani wanaofika shuleni na ni wapi wasiofika. Watoto walisoma vizuri zaidi kuliko waliowatangulia. Kifaa kidogo mkononi mwa mtu anayemsaidia mwalimu kilifanya kazi ambayo maelfu ya vifaa mikononi mwa watoto hayakuifanya kwingine.

Shirika la Pratham la India lilikuja na ubunifu usiohitaji hata umeme. Kwa sehemu ya siku, watoto hupangwa kwa kiwango chao cha kusoma, umri ukiwekwa pembeni. Wa darasa la tano asiyejua herufi huanza na herufi bila aibu, kwa kuwa amekaa na wenzake walio pale alipo. Majaribio ya kitafiti katika majimbo kadhaa ya India yalionyesha mafanikio makubwa pale mpango ulipotekelezwa kwa dhati, na baadhi ya nchi za Afrika, Zambia ikiwemo, zimeuchukua.

Kwa upande wa ufaulu wa wanafunzi, wilaya ninayoirejelea mara kwa mara ni Sobral, manispaa ya watu takriban 200,000 katika jimbo la Ceará, kaskazini-mashariki mwa Brazil, eneo kame na maskini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 viongozi wake walifanya jambo la ujasiri: waliwapima watoto kusoma, mmoja mmoja, na wakakubali kuyaangalia majibu. Sehemu kubwa ya waliokuwa wamekwisha kukaa miaka kadhaa darasani hawakuweza kusoma hata sentensi. Walikuwa wamehudhuria na majina yao yameitwa kila asubuhi, na bado hawakuwa wamefundishwa kusoma.

Sobral hawakuleta kitu cha ajabu. Walichagua lengo moja, kila mtoto asome katika miaka yake ya kwanza ya shule, na mambo mengine yakapangwa kuzunguka lengo hilo. Wakuu wa shule, ambao awali nafasi zao zilikuwa zawadi za kisiasa, wakaanza kuchaguliwa kwa usaili na mitihani. Shule ndogondogo zilizotawanyika ziliunganishwa. Walimu wakapata mafunzo ya kila mwezi kuhusu masomo ambayo wangeyafundisha wiki zinazofuata, badala ya semina za nadharia. Na mara mbili kwa mwaka mtu kutoka nje ya shule huja kuwapima watoto, ili mwalimu asijipime mwenyewe.

Katika kipimo cha kitaifa cha ubora wa elimu, shule za msingi za Sobral zilipata alama 4.0 mwaka 2005. Mwaka 2017 zilipata 9.1, alama ya kwanza Brazil nzima, zikazipita manispaa zenye utajiri mara nyingi zaidi. Jimbo la Ceará nalo lilikuwa limepitisha sheria mwaka 2007 iliyofungamanisha sehemu ya mgao wa kodi kwa manispaa na matokeo ya elimu, hivyo meya aliyepuuza shule aliliona pengo kwenye mapato yake. Mwaka 2020 Brazil iliingiza utaratibu wa namna hiyo kwenye katiba yake kwa majimbo yote.

Utafiti uliofanyika katika shule 350 za Tanzania mwaka 2013 na 2014 unasaidia kueleza kwa nini mchanganyiko wa mambo ulihitajika. Shule zilizopewa ruzuku ya ziada pekee hazikupandisha alama za wanafunzi. Zilizopewa ruzuku pamoja na motisha kwa walimu iliyofungamana na kila mtoto anayefaulu zilipandisha. Fedha bila mtu anayewajibika kwa matokeo ya mtoto hupita tu, na mwalimu anayewajibishwa bila vitabu anaonewa.

Jambo moja bado naona uchungu kulitaja, utoro. Marekani mwanafunzi huhesabiwa kuwa mtoro sugu akikosa asilimia 10 ya siku za masomo, yaani siku 18 kati ya 180. Ni siku mbili tu kwa mwezi, kwa hiyo hapigi kelele. Anapotea polepole, na ripoti ya wastani wa mahudhurio ya shule humficha kabisa. Inatakiwa orodha ya majina, itazamwe kila wiki na mtu mwenye simu na muda wa kuwapigia wazazi.

Kwa hiyo mzazi au mjumbe unapokwenda kwenye kikao kijacho cha bodi, omba karatasi mbili ziwekwe mezani pamoja. Moja ni bili za umeme, maji na mafuta za miezi 12, shule kwa shule. Nyingine ni idadi ya watoto wa darasa la tatu wa kila shule wasioweza kusoma ukurasa mmoja na kueleza walichosoma. Uliza nani aliwasikiliza, na lini. Kisha uliza kila shilingi au dola itakayookolewa kwenye karatasi ya kwanza itakwenda kwa mtoto yupi kwenye karatasi ya pili, na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao pamoja na tarehe ambayo watoto hao watasikilizwa tena.