Usanifu shirikishi ni nini?

Usanifu shirikishi ni kutengeneza teknolojia pamoja na wale watakaoitumia: wanakaa na mafundi tangu mwanzo na kuamua nao ifanye nini, isifanye nini. Kuletewa kitu kilichokwisha kutengenezwa ukaulizwa "Umekipenda?" ni jambo jingine. Hayo ni maoni, na maoni hufungiwa kabatini.

Dhana hii ilizaliwa kwenye vyama vya wafanyakazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Norway, Kristen Nygaard, mtaalamu wa kompyuta, alifanya kazi na chama cha mafundi chuma waliohofia kwamba mwajiri ataleta mashine apendavyo, nao wabaki kubonyeza vitufe. Mwaka 1975 makubaliano ya kitaifa yakawapa wafanyakazi haki ya kuelezwa na kushirikishwa katika mifumo ya kompyuta kazini.

Ninaoupenda zaidi ni mradi wa UTOPIA, 1981 hadi 1985, wa wafanyakazi wa uchapaji wa Skandinavia. Kompyuta za kupanga kurasa za magazeti ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia. Wapanga kurasa hawakujua programu, wataalamu nao hawakujua kupanga ukurasa. Basi wakaunda kompyuta ya uongo kwa karatasi, plaiwudi na maboksi. Boksi moja tupu liliandikwa kwamba ni printa ya leza. Mtu anakaa mbele yake, anajifanya yuko kazini, na palipomkwamisha panaonekana papo hapo. Boksi halimtishi mtu. Ukiwa na mkasi, unalikata upya.

Utu huingia kwa mlango huo huo, kwenye maswali madogo ya mtumiaji. Nikikosea, naweza kurudi nyuma? Nani ataiona kazi yangu? Mashine itanihesabia dakika?

Mkondo huo wa usanifu shirikishi ulifika Afrika kupitia Chuo Kikuu cha Oslo, kilichoshiriki kujenga DHIS, mfumo wa takwimu za afya, Afrika Kusini baada ya 1994. Leo toleo lake la DHIS2 linatumika Kenya na Tanzania pia. Ila tusidanganyane: warsha ya siku mbili yenye chai, posho na picha ya pamoja haimfanyi mtu kuwa msanifu. Mwite muuguzi wa zahanati anayejumlisha vitabu vya MTUHA, yaani vya kumbukumbu za huduma za afya Tanzania, kila mwisho wa mwezi, fomu ya takwimu ikiwa bado ni rasimu ya penseli. Yeye ndiye anayejua kwa nini kuna safu ambayo haijazwi kamwe.