Baridi yabisi: mikono ikilegea, ni ya kupumzishwa tu?

Huku Moshi ukiwa na baridi yabisi utaambiwa mikono ikianza kuishiwa nguvu usiitumie, iache ipumzike mpaka ipone, na wengine wanaongezea ni baridi ya mwezi wa 7 imeingia kwenye mifupa. Inaeleweka jamani, mkono unauma, na jina lenyewe lina baridi ndani yake.

Ila ugonjwa huu ni kinga ya mwili inashambulia utando wa ndani wa viungo, baridi inaweza kuzidisha maumivu kwa baadhi ya watu lakini siyo chanzo. Ule uvimbe wa muda mrefu unakula misuli, halafu kwa sababu ya maumivu hushiki kitu, na msuli usiotumika unanywea zaidi, kwahiyo unajikuta kumenya ndizi za mtori au kufungua chupa ya chai ni kazi nzito. Steroidi, zile dawa za kutuliza uvimbe, ukizitumia muda mrefu nazo zinaweza kupunguza misuli (usiziache ghafla lakini, ongea na daktari kwanza).

Kiungo kikivimba na kuwa cha moto, kipumzishe siku hizo. Kikitulia, kunja ngumi taratibu, minya sponji.

Ukitaka kuhakiki kama misuli imepungua, angalia nyama iliyopo kati ya kidole gumba na cha shahada, imebonyea? Andika wiki 2 ugumu wa asubuhi unachukua dakika ngapi na siku hiyo kulikuwa na baridi au jua, peleka kliniki, waulize pia kuhusu fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi. Vidole vikifa ganzi usiku sema, huenda ni neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono, na matibabu yake ni mengine.