Jicho la rangi ni kitu gani?

Mtu akisifiwa kwamba ana jicho la rangi, wengi hudhani kazaliwa nalo. Mimi naamini hufunzwa. Jicho la rangi ni kuiona rangi ilivyo pale ilipo, pamoja na jirani zake na mwanga unaoimulika, bila kuridhika na jina lake. Ukiniambia "nyekundu" hujaniambia kitu bado. Ya pilipili mbivu, ya tofali la kuchoma, au damu ya mzee?

Pita kwenye maduka ya khanga Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, umtazame mama anayechagua doti. Haamui akiwa ndani. Anaitoa hadi mlangoni, juani, maana taa ya dukani hudanganya. Anaikunjua, anaiegesha shavuni, anaiweka juu ya blauzi aliyovaa, anaiacha, anachukua nyingine. Anapambanisha. Kazi yote ya jicho la rangi ndiyo hiyo.

Na jirani ndiye mwenye nguvu kuliko vyote. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alisimamia utiaji rangi nyuzi katika karakana ya ufumaji ya Gobelins, Paris. Akaletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Alipozichunguza, rangi ilikuwa nzima. Weusi ulidhoofishwa na bluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima juu ya jambo hilo. Lijaribu nyumbani: kata vipande viwili vya karatasi moja ya kijivu, kimoja kiweke juu ya kitambaa cheusi, kingine juu ya cheupe. Utaapa ni karatasi mbili tofauti.

Hapo ndipo vibao vingi vya biashara mjini hukwama, na huniuma kwa sababu watu wamevilipia. Jirani yangu Sinza aliandikiwa kibao cha genge kwa herufi nyekundu juu ya kijani. Ukisimama karibu kinapendeza. Ukivuka barabara, hakisomeki. Rangi zile mbili zilikuwa tofauti kwa jina, lakini zimekoza sawasawa, hivyo jicho halikupata pa kushika. (Wapo pia watu, wengi wao wanaume, wasiotofautisha nyekundu na kijani hata kidogo.) Kipimo chake ni rahisi: finya macho, au piga picha kwa simu kisha uigeuze nyeusi na nyeupe. Herufi zikipotea, badilisha. Alizirudia kwa nyeupe, na sasa unazisoma ukiwa ndani ya daladala.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kushika rangi moja tu kwa siku. Ukianza na bluu, itazame bahari pale Kivukoni saa moja asubuhi, kisha urudi saa nane mchana, na kila mara uandike inafanana na nini, bila kutumia neno "bluu".