Je, wajua kwa nini slashi ya Windows imelalia upande wake peke yake?

Kama umeshawahi kuandika kodi ya programu kwenye Windows halafu ukaipeleka kwenye seva ya Linux, hii lazima imekuchosha. Windows inaandika C:\kazi\ripoti.txt, Linux na Mac wao ni /kazi/ripoti.txt. Wengi wanadhani Microsoft walitaka ubishi tu, wala!

Iko hivi, MS-DOS, mfumo wa Microsoft uliotangulia Windows, ile ya kwanza ya 1981 haikuwa na folda kabisa, faili zote zinakaa pamoja kwenye diski kama nguo kwenye beseni, na ile slashi ya kawaida (/) ilishapewa kazi nyingine, kuipa amri maelekezo ya ziada. Mfano dir /w, majina ya faili yanapangwa kwa upana, hata leo ukijaribu inakubali. 1983 ikaja MS-DOS 2.0 na folda ndani yake, wazo la Unix hilo, mfumo wa kompyuta ulioigwa na Linux, ambako slashi ndo inatenganisha folda toka mwanzoni mwa miaka ya 70. Ila kwa DOS kiti kimeshakaliwa, wakikibadilisha amri za zamani zote zinavurugika, basi wakachukua bakslashi (\).

Sasa kasheshe ni kwamba kwenye lugha kibao za programu bakslashi ina maana yake, ikikutana na t inakuwa tab, ile nafasi pana, ikikutana na n inaruka mstari. Kuna siku niliandika kwenye Python "C:\kazi\tarehe\namba.txt", naambiwa njia ya faili si sahihi, na faili naliona kwa macho yangu lipo pale! Nimehangaika nusu saa, kuja kuprinti naona hivi:

C:\kazi    arehe
amba.txt

Yaani t na n zimeliwa. Sisi na mafolda yetu ya tarehe, taarifa, namba na nyaraka tunaingia huu mtego kirahisi sana.

Dawa yake usiunganishe kwa mkono, iachie lugha ifanye. Python toka toleo la 3.4 la 2014 ina pathlib, unaandika Path("kazi") / "tarehe" / "namba.txt" basi, yenyewe inajua iko kwenye kompyuta gani inaweka alama inayotakiwa. Kwa wa JavaScript, Node ina path.join.

Ila pathlib haikuokoi na herufi kubwa na ndogo. Linux inaona Picha.jpg na picha.jpg ni faili mbili tofauti, Windows kwa kawaida inaona ni ileile, ndo maana tovuti inapendeza kwenye laptopu yako, ukiipandisha kwenye seva picha nusu hazionekani. Mimi siku hizi majina yote naandika kwa herufi ndogo, sitaki kesi.

Na kichekesho chenyewe, ukiandika kwenye kodi "C:/kazi/tarehe/namba.txt" kwa slashi ya kawaida, Windows inafungua faili bila neno.