Harlequins hawakumwibia mtu

Juma lililopita nilikuwa nawafundisha vijana kukata video za mechi za raga. Mmoja wao, kijana makini ambaye ninamtegemea, akaniambia: "Lakini mwalimu, ule ubingwa wa Harlequins wa 2021 ulikuwa wa wizi. Si walimaliza wa nne?" Kauli hii nimeisikia kwa mashabiki, nimeisikia kwa wachezaji, na nimeisikia kwa kocha aliyezeekea kwenye raga. Kutoka kwa kijana wangu mwenyewe iliniuma. Nimeona bora niiandike yote hapa, anayeuliza tena nimpe kiungo asome.

Msimu wenyewe ni wa 2020-21, Ligi Kuu ya raga ya Uingereza. Timu 12, raundi 22. Saracens hawakuwemo, kwa kuwa walikuwa wameshushwa daraja kwa kuvunja kikomo cha mishahara. Bristol walimaliza kileleni, Exeter wa pili, Sale wa tatu, Harlequins wa nne. Kwenye nusu fainali Bristol walikuwa nyumbani kwao Ashton Gate, na kabla ya mapumziko walishaongoza 28-0. Dakika 80 ziliisha 36-36. Muda wa ziada Harlequins wakashinda 43-36. Juni 26, Twickenham, wakawafunga Exeter 40-38, winga wao Louis Lynagh akipachika trai mbili (trai ni kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa mpinzani) katika dakika za mwishomwisho.

Anayesema "wizi" huwa ametoka kwenye soka. Amezoea kwamba mwenye alama nyingi mwisho wa msimu ndiye bingwa, iwe ni Simba, Yanga au Gor Mahia, na mambo yameisha. Raga ya Uingereza nayo iliwahi kuwa hivyo, na Leicester walibeba ubingwa mara 4 mfululizo, mpaka 2002, kwa msimamo wa ligi tu. Tangu msimu wa 2002-03 bingwa anapatikana kwa mchujo, yaani nusu fainali na fainali, na tangu 2005-06 msimamo unatoa tiketi 4 za mchujo huo, wawili wa juu wakicheza nusu fainali nyumbani. Kila klabu inalijua hilo kabla ya filimbi ya kwanza ya msimu. Sasa aliyefuata kanuni zilizokuwepo akiitwa mwizi, aliyeiba ni yupi na alichoiba ni nini?

Hayo ya kanuni ni mepesi. Linalonikera zaidi ni imani iliyo chini yake, kwamba msimamo wa ligi unaonyesha timu bora na mchujo ni bahati nasibu iliyobandikwa juu kwa ajili ya televisheni. Watu hawajiulizi msimamo unapima nini hasa.

Kwenye soka, timu za taifa zikicheza ligi inasimama. Msimu ule wa raga haikusimama. Mataifa Sita, yale mashindano ya timu za taifa za Ulaya, yalichezwa Februari na Machi huku raundi za ligi zikiendelea kama kawaida, na lile kombe la ligi ambalo kwa kawaida huchukua sehemu ya wiki hizo halikuchezwa kabisa. Bristol waliwakosa Kyle Sinckler, Ben Earl na Max Malins. Exeter waliwakosa Henry Slade na Luke Cowan-Dickie, na Stuart Hogg alikuwa kwao Scotland akiwa nahodha. Alama zilizopatikana wiki hizo zilitafutwa na vijana wa akiba na wazee waliokuwa wamebaki klabuni, na zinahesabiwa sawasawa na alama za Novemba, msimu ulipoanza. Kwa hiyo msimamo unakupima mpaka mchezaji wako wa 40. Unapima upana wa kikosi, madaktari wako, na ujanja wa kugawa dakika. Nusu fainali inapima wachezaji 23 walio bora kuliko wote ulionao, siku moja, wakiwa wamerudi wote.

Hapa lazima niseme jambo linalonipinga. Majira yale ya baridi Marcus Smith, flai-hafu wa Harlequins (mwongozaji wa mashambulizi), alikuwa bado hajaichezea Uingereza; mechi yake ya kwanza ilikuja Julai. Harlequins walikuwa naye wakati wenzao wana mapengo. Bristol walifika kileleni pamoja na mapengo yao, na hiyo ni kazi kubwa ambayo haina budi kuheshimiwa. Ningeulizwa, ningetaka anayeongoza msimamo apewe ngao yake, akabidhiwe mbele ya mashabiki wake. Lakini ni kazi tofauti na ile ya kushinda mechi mbili za mwisho.

Tena ni tofauti mpaka ndani ya uwanja, na hapa naomba msomaji avumilie, kwa sababu hapa ndipo ninaposhinda kutwa na kompyuta yangu. Kwenye msimamo, ushindi ni alama 4, sare 2. Ukifunga trai 4 unaongezewa 1. Ukipoteza kwa tofauti isiyozidi 7 unapata 1. Chukua mfano: uko nyuma 24-14, dakika ya 79, umepata penalti mbele ya milingoti. Kwenye ligi nahodha anaonyesha milingoti, yaani anachagua teke la pointi 3, mpiga teke anaweka mpira chini, inakuwa 24-17, na mnaondoka na alama 1 ya msimamo. Mtazamaji asiyejua anashangaa kwa nini wanashangilia wakati wamefungwa. Wamefanya la busara. Nahodha huyohuyo akilifanya hilo kwenye nusu fainali ameiua timu yake, maana kupoteza kwa 7 na kupoteza kwa 50 ni kitu kimoja.

Fikiria basi 28-0, ugenini, katikati ya msimu. Benchi la ufundi linaanza kuwaza Jumamosi ijayo. Nguzo mbili za skramu (wale wa mstari wa mbele wanaosukumana) zinapumzishwa mapema, flai-hafu anatolewa asije akaumia, na lengo linakuwa kutafuta trai 4 ili kuokoa alama 1. Hakuna anayelaumiwa kwa hilo. Siku ile Ashton Gate hapakuwa na Jumamosi ijayo. Harlequins walikimbiza mpira kutoka mbali kwa sababu hapakuwa na cha kuhifadhi, nao Bristol wakakutana na mpinzani ambaye msimamo wa ligi huwakutanisha naye mara chache sana: timu nzuri isiyo na hesabu ya wiki ijayo.

Ukitaka msimamo uwe hakimu wa mwisho, basi ujibu na hili. Msimu ule mechi zilizofutwa kwa sababu ya korona zilitolewa alama bila kuchezwa: 4 kwa timu iliyokuwa tayari, 2 kwa ile iliyoshindwa kuleta kikosi. Sidhani palikuwa na njia nzuri zaidi. Lakini ni alama ambazo hakuna aliyezitolea jasho, nazo zimo ndani ya msimamo unaoitwa "wa haki".

Wapo wanaokubali mchujo ila wanataka wa kwanza apelekwe moja kwa moja fainali. Lilijaribiwa. Mwaka 2003 Gloucester waliongoza ligi kwa alama 15 mbele ya Wasps, wakapewa fainali bila jasho, wakakaa wiki 3 wakisubiri. Wasps wakawafunga 39-3. Kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi kwamba kilichowaua Gloucester ni kukaa bila mechi. Siku hizi nasita. Mechi moja haithibitishi kitu, na Wasps wale waliendelea kuwa mabingwa 2004, 2005 na 2008 bila kumaliza wa kwanza hata mwaka mmoja. Inawezekana kabisa walikuwa tu timu iliyojijenga kwa ajili ya Mei, mwezi wa mchujo. Gloucester kwa upande wao waliongoza tena 2007 na 2008, na hawakubeba kitu.

Ufaransa nako ni vilevile, na huko wanaingia mchujo 6. Mwaka 2018 Castres walimaliza wa 6, wakawafunga Montpellier walioongoza ligi 29-13 kwenye fainali, wakaenda nyumbani na Ngao ya Brennus, ile ya ubingwa. Hapa kwetu Kenya Cup, ligi kuu yetu ya raga, pia huamuliwa kwa mchujo: Kabras wa Kakamega walifika fainali 2017, 2018 na 2019, na mara zote tatu KCB ndio waliobeba. Nawajua watu wa Kakamega ambao zile fainali bado zinawauma, na haki yao kuumia. Maumivu ya kupoteza fainali ni kitu kimoja, na dai la kuibiwa ni kitu kingine.

Kijana wangu nimempa nusu fainali ya Ashton Gate aikate upya, kuanzia pale ubao uliposoma 28-0, na kila Harlequins wanapopata penalti aandike walichagua nini: milingoti, kona (kuupiga mpira nje karibu na kona ili watafute trai), au kucheza haraka. Jana usiku alinitumia ujumbe kwamba amefika muda wa ziada, na kwamba safu ya "milingoti" ameiangalia mara mbili akidhani amekosea kuhesabu.