Ishara ya Maumivu Imepitia Njia Gani? Kuupima Ugwe wa Mgongo Maabara

Habari za ngozi iliyoungua hupita kwanza katika pembe ya nyuma ya ugwe wa mgongo, ile kamba ya neva inayohifadhiwa na pingili za uti, kabla ya kufika kwenye ubongo. Mwaka 1952 mtaalamu wa anatomia Bror Rexed aliugawa ugwe wa paka katika maeneo 10 kwa kufuata mpangilio wa seli zake, na sisi tunaochunguza maumivu hurejea mara kwa mara kwenye tabaka la 1 na la 2, ambako nyuzi nyingi nyembamba zinazoleta habari za maumivu na joto huishia.

Mimi hutumia kipande cha ugwe wa panya chenye unene wa mikromita 300 hadi 600, kikiwa bado kimeshikamana na mzizi wake wa nyuma, yaani fungu la nyuzi za neva linaloingiza habari kutoka mwilini. Kuuhifadhi mzizi huo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Utando unaoufunika ugwe huondolewa kwa koleo ndogo ndani ya maji ya chumvi yaliyopozwa karibu na kuganda, na mkono ukiuvuta mzizi kidogo tu, nyuzi hukatika pale zinapoingia, ingawa kwa macho kipande huonekana kizima. Baada ya kukatwa kwa wembe unaotetemeka, kipande hupumzishwa kwa muda wa saa moja hivi katika maji yanayopulizwa oksijeni asilimia 95 na kaboni dioksidi asilimia 5. Hiyo ya pili husaidia kudhibiti kiwango cha asidi.

Chini ya hadubini, tabaka la 2 huonekana kama ukanda unaopitisha mwanga, kwa kuwa lina nyuzi chache zenye ala ya mafuta. Hapo huteremsha pipeti ya kioo yenye ncha ya takriban mikromita moja, huku nikisukuma hewa taratibu. Kijishimo kikitokea juu ya seli, naachia msukumo na kufyonza kidogo, hadi kioo na utando wa seli vigandamane kabisa. Mbinu hii ilianzishwa na Erwin Neher na Bert Sakmann mwaka 1976, nao wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1991. Seli ikishikiliwa kwenye milivolti −70, mikondo ya umeme inayoletwa na glutamati, kemikali ambayo seli za neva hutumia kuamshana, huonekana waziwazi.

Hata hivyo, kuona mkondo si kujua umetoka wapi, na hapa ndipo ninapoona makosa mengi yakifanyika. Umeme hafifu kwenye mzizi huamsha nyuzi nene za mguso. Nyuzi C, zilizo nyembamba kuliko zote, huhitaji umeme mkali na wa muda mrefu zaidi. Muda nao hutoa ushahidi: uzi unaosafirisha ishara kwa mita 0.5 kwa sekunde huchukua milisekunde 20 kuvuka mzizi wa milimita 10. Kisha narudia kichocheo mfululizo. Kwa nyuzi nene, mara 20 kwa sekunde, jibu la moja kwa moja halikosekani wala muda wake haubadiliki. Kwa nyuzi C, mara moja kwa sekunde, kipimo ni kutokosekana kwa jibu. Jibu lisilofaulu kipimo cha nyuzi zake huhesabiwa kuwa limepitia seli nyingine njiani, na kuliandika kuwa la moja kwa moja ni kuchora ramani isiyokuwepo.

Umuhimu wa kipimo hicho huonekana hasa ninapoongeza bikukulini na striknini, dawa zinazozuia vipokezi vya GABA na glaisini, kemikali zinazotuliza seli za neva, yaani breki za pembe ya nyuma. Seli ya tabaka la 1 ambayo haikuwa na habari na nyuzi za mguso inaweza kuanza kuziitikia. Jibu hilo huchelewa na kuyumba kichocheo kinaporudiwa, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba uzi mpya umeota katika dakika chache. Njia ilikuwapo tangu mwanzo, ikipitia seli za katikati, nazo breki zilikuwa zimeifunga.