"Nipo poa tu": dhana potofu kuhusu kujishuku, mawazo na marafiki

Dhana: Kumweleza rafiki yaliyo moyoni ni kumtwisha mzigo.

Hii ndiyo iliyonifunga mdomo mimi. Nilipomaliza chuo nikakosa kazi, nilijiona sina nilichosomea. Rafiki yangu akipiga simu namjibu, "nipo poa tu." Siku moja akaja bila kupiga, akakaa kitandani, akaniuliza, "Umekula lini?" Nikalia. Baadaye akaniambia kwamba kilichomuuma si kile kilio, bali wiki zote nilizomdanganya. Hebu geuza: rafiki yako angekuficha miezi mitatu, ungemshukuru kwamba hakukusumbua?

Dhana: Rafiki hakusomea saikolojia, kwa hiyo hana msaada.

Twende Harare, Zimbabwe. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa aliyejiua baada ya kukosa nauli ya kufika hospitali. Mwaka 2006 akaanza kazi na kina bibi 14 wa mtaa wa Mbare, wakisikiliza watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Washona, kabila la huko, wana neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Sisi husema tu, "ana mawazo." Bibi anasikiliza kwanza, kisha mgonjwa anachagua tatizo moja la kuanza nalo, wanapanga hatua, na anarudi kueleza ilikuwaje.

Utafiti kuhusu benchi hilo, uliochapishwa mwaka 2016, uliwahusisha watu 573. Baada ya miezi 6, dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, zilibaki kwa takriban asilimia 14 ya waliokaa na wasikilizaji wa benchi, na kwa asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Ni kweli wasikilizaji hao walifundishwa na walisimamiwa. Soga za kijiweni si kitu kilekile. Lakini tunaweza kuiga: kusikiliza bila kukimbilia jibu, kushika jambo moja dogo, na kurudi tena. Huko kurudi ndiko wengi wetu tunakosahau. Na naomba tuache kabisa "jikaze" na "kuna wenye shida kuliko wewe". Mtu akisikia hivyo hanyanyuki, ananyamaza.

Dhana: Anayejishuku anajijua, kweli hana uwezo.

Mwaka 1978, wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliandika kuhusu wanawake wenye mafanikio makubwa waliojiona walaghai, wakisubiri siku ya kuumbuliwa. Vyeti vyao havikuwatuliza. Kwa mtu wa namna hii, sifa za jumla kama "wewe ni mkali" hupita tu. Taja jambo lenyewe: "Mahesabu ya kikundi chetu cha kuweka akiba uliyanyoosha wewe, sisi sote tulishindwa." Hilo ni gumu kulikanusha.

Dhana: Mwenye imani hapati sonona.

Waumini huugua malaria, na sonona ni ugonjwa vilevile. Sala na matibabu havigombani.

Dhana: Ukimuuliza mtu kama anafikiria kujiua, unampa wazo.

Hapana. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kuuliza waziwazi hakumsukumi mtu huko. Mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Muulize kwa upole, bila kuzungukazunguka. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa karibu naye vitu vya kujidhuru, na mfikishe hospitali siku hiyohiyo.

Dhana: Ukiwa na marafiki wazuri, hospitali ya nini?

Huzuni ikikaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi ukapotea, chakula kikawa hakipiti, ulichokipenda hakikuvutii tena, nenda ukaonwe. Rafiki hachukui nafasi ya daktari, ila anaweza kukusindikiza. Wangu alikaa nami kwenye foleni tangu saa moja asubuhi, kanishikia kadi yangu, na jina lilipoitwa yeye ndiye aliyesimama kwanza.